Dobi na Meli ya Baba Yake

Dobi hapokei nguo kabla hajainusa. Ndiyo tabia yake ya kwanza niliyoijua, na ndiyo iliyonifanya nimwogope miaka mitatu mizima. Unampa shati, analipeleka puani, anafumba macho, halafu anatangaza maisha ya mwenye shati mbele ya wote walioko. "Hii imelala kwa begi siku nne." "Hii ilianikwa karibu na samaki wa omena." "Mwenye hii ameanza tena kunywa, mwambie mkewe asijisumbue kumuuliza."

Mimi mwalimu akinitaja tu darasani, jina langu mwenyewe hunipotea. Kwa hivyo siku Mama aliponituma na sketi yangu ya shule, niliitupa kwa benchi la Dobi nikageuka kukimbia.

"We nyathina, mtoto wangu, simama hapo!" akaita. "Mfuko wa hii sketi una wino. Wewe ni mtu wa kuandika vitu na kuvificha."

Wanawake wawili waliokuwa wakingoja wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Niliona aibu ya kufa. Lakini alikuwa amesema kweli, maana daftari lenyewe ndilo hili, na leo nimeamua kumwandika yeye ndani yake, naye aone inavyokuwa.

Jina lake ninalijua. Sitaliandika, kwa sababu hata nikiliandika hakuna mtu Migori atakayejua ninamsema nani. Polisi humwita Dobi, kwaya humwita Dobi, na wajukuu wake wakipigia Mama simu huuliza, "Dobi yuko?" Kibanda chake kiko nyuma ya kinu cha kusagia mahindi, ukuta mmoja na kibanda cha Mama cha mitumba. Mama huuza nguo zilizovaliwa na wazungu, Dobi huzipiga pasi mpaka zinasahau. Mimi niko kidato cha tatu, bweni upande wa Asumbi, na shule zikifungwa hukaa hapo kati yao, nyuma ya magauni yaliyotundikwa, mahali ambapo mtu anaweza kusikia kila kitu bila kuulizwa maoni.

Pasi yake ni ya makaa, nzito kama mtoto wa miaka miwili. Mwanawe wa Nairobi alimletea ya stima, akamshukuru kwa maneno mazuri sana, kisha akaifanya ya kuzuia mlango usijifunge. "Ya stima inapiga pasi kama mtu anayeharakisha kwenda mahali," alisema. Kunyunyizia nguo maji, yeye hujaza mdomo na kupuliza, pfff, na ukungu mwembamba hutua kwenye kitambaa kama baraka. Wakati ule wa barakoa Mama alimkataza, akamnunulia chupa ya kupulizia. Dobi huitumia ile chupa Mama akiwa anamtazama. Mama akigeuka, pfff.

Wateja wake ni wa kila aina, lakini anaowapenda zaidi ni wachimba dhahabu wa Macalder, ambao huja Jumamosi na suruali nyekundu kwa vumbi. Mifuko yao huikung'utia ndani ya beseni jeupe, taratibu, akiwa ameinama kama daktari. Anasema siku moja atapata punje. Mpaka sasa amepata vifungo, tiketi za basi, jino moja, na barua ya mapenzi ambayo alimrudishia mwenyewe ikiwa imepigwa pasi. Akipata hela anakuja nazo kwa Mama, anazihesabu mbele yake, anazifunga kwa kitambaa na kuandika jina. Hajawahi kuiba hata pini.

Ila kuhusu saa, mzee huyu ni mwongo. Nguo zote duniani zitakuwa tayari "kesho saa nne." Polisi mmoja aliamini. Alikuja saa nne kuchukua sare ya gwaride, akaikuta bado iko kwenye maji. Ikabidi iwekwe kwenye jua, ikabidi ikaushwe kwa pasi, na hata ile suruali aliyokuja nayo, Dobi akasema ni aibu kwa serikali, aivue. Afisa yule alikaa saa nzima kwa stuli ya Mama akiwa amejifunga leso yenye maua, kofia kichwani, akiwajibu salamu wapita njia. Alipoondoka, mistari ya suruali yake ingeweza kukata nyama. Akarudi wiki iliyofuata na sare ya bosi wake.

Misemo yake ni mingi, mingine ameibuni wakati huo huo. "Kola ndiyo uso wa pili." "Nguo haisahau, mtu ndiye anayesahau." Na ule aliompa Mama siku Mama alipouza koti lenye tundu bila kumwambia mnunuzi: "Tundu ni mdomo, litasema." Mama hakumsemesha mpaka jioni.

Lakini kama unataka kazi isimame na makaa yazime, mwulize Dobi kuhusu baba yake.

Baba yake alikuwa baharia wa vita. Hivyo ndivyo yeye husema. Wazee wengine wa huku waliochukuliwa na mkoloni walikwenda Keya, ndivyo wanavyoliita lile jeshi la nchi kavu, wakatembea kwa miguu mpaka Burma. "Baba yangu hakutembea," Dobi husema akiinua kidole. "Baba yangu alipanda meli. Kilindini. Meli ya vita." Nilipokuwa darasa la sita meli hiyo ilikuwa na bomba moja la moshi. Nilipoingia kidato cha kwanza ilikuwa na matatu. Kuna mama Mkuria wa Ntimaru ambaye hutuletea mabunda ya nguo, na yeye hakosi kumchokoza hata kabla ya kutua mzigo.

"Dobi, leo mabomba mangapi?"

"Manne."

"Wacha! Mwaka kesho itakuwa kiwanda cha sukari."

Dobi hakasiriki. Huongeza mzinga mmoja kwenye meli na kuendelea. Cha ajabu ni kwamba yeye mwenyewe anaogopa maji kama paka. Amezaliwa ufuoni, upande wa Homa Bay, nyumba ambayo ukitema mate yanafika ziwani, na hajawahi kupanda mtumbwi. Mteja mmoja alimwita Rusinga kwenye harusi akapige pasi nguo za maharusi. Dobi akaenda akazunguka kwa barabara kupitia daraja la Mbita, akalivuka akiwa amefumba macho, watu wakimwongoza kwa mkono. Nilimsikia Mama akimwuliza kama baba yake naye aliogopa hivyo.

"Baba hakujua hata kuogelea."

"Baharia asiyejua kuogelea?"

"Anayeogelea ni yule ambaye meli imemshinda."

Mama alifikiria hilo jibu siku mbili nzima, akashindwa kupata kosa lake.

Halafu kuna suruali yake ya Jumapili. Suruali za wateja Dobi huzipiga mstari mmoja ulionyooka mbele na mmoja nyuma, kama mtu yeyote. Yake mwenyewe ya kanisani huipiga mistari ya kulala, saba kila mguu, kutoka paja mpaka kwenye kifundo. Akisimama kuimba anaonekana kama amejengewa ngazi. Watoto humwita Kinanda, maana akitembea ile mistari hufunguka na kujifunga.

"Kwani ulilala ukiwa umekunjwa?" Mama alimwuliza.

"Baba alinionyesha hivyo nikiwa mdogo. Ndugu zangu aliwafundisha kulima na ng'ombe. Mimi mikono yangu ilikuwa laini, akanifundisha hii."

"Na ni ya nini?"

"Sijui. Nilikuwa mtoto, sikuuliza. Yeye naye hakuwa mtu wa kueleza."

Hapo alinyamaza, na Dobi akinyamaza mwenyewe bila kunyamazishwa ujue kuna jambo.

Likizo ya Aprili ndipo nilipolijua jambo lenyewe. Siku hiyo alikuja mzee mmoja mrefu, amevaa koti na tai kwenye joto lile, akasimama mlangoni bila kugusa kitu chochote. Alikuwa kaka yake Dobi. Nitamwita Mwalimu Mkuu, kwa sababu alistaafu akiwa mwalimu mkuu na hajaacha. Yeye ni mtoto wa mke wa kwanza, Dobi ni wa mwisho katika nyumba ya mke wa tatu, na kwetu mtoto wa mke wa kwanza ndiye mwenye neno la mwisho katika boma. Alikuwa amekuja kusema kwamba mvua imekula kingo za kaburi la baba yao, na kwamba mwezi wa kumi na mbili, watu wote wakiwa nyumbani, litatiwa simiti.

"Vizuri," alisema Dobi. "Tutaandika Baharia."

"Tutaandika jina lake, na apumzike kwa amani."

"Na Baharia."

"Una karatasi?"

"Omera, ndugu yangu, karatasi ilikuwa kwa nyasi. Wewe unajua."

"Najua haiko."

"Na alivyokuwa akituamsha alfajiri? Na alivyokuwa akisema tupige deki nyumba?"

"Hata watoto wa shule yangu walipiga deki kila Ijumaa. Wote walikuwa mabaharia?"

Nyuma ya magauni nilijifinya nisicheke. Dobi hakucheka.

"Kwa hivyo nasema uongo."

Mwalimu Mkuu alitazama viatu vyake. "Simiti si gazeti," akasema. "Ukiandika kitu pale, wajukuu wa wajukuu watakisoma. Leta karatasi, tutaandika. Usipoleta, basi." Akaenda zake.

Siku hiyo kwa mara ya kwanza nilimwona Dobi akiunguza shati. Alisimama ameishika pasi hapo hapo mpaka moshi ukapanda, na mimi, ambaye huwa siongei, nikapiga kelele. Aliinua pasi, akalitazama lile doa la kahawia lenye umbo la pasi, akakaa kwenye ndoo.

"Nyathina, unajua miaka mingapi nimesema baba yangu alikuwa baharia? Hamsini. Mji mzima nimeuambia. Sasa kaburi likinyamaza, mimi nitakuwa mwongo aliyezeekea uongo. Mimi si kitu. Lakini yeye naye atakuwa alienda wapi ile miaka yote?"

Nilimletea maji.

Ile karatasi ya nyasi ni hadithi ambayo hakuisimulia kwa mzaha hata mara moja. Baba yake alirudi vitani na karatasi moja yenye muhuri, akaichomeka kwenye nyasi za paa juu ya kitanda, mahali ambapo watu wa zamani waliweka vitu vya maana. Dobi alikuwa na miaka kumi na mitatu baba alipofariki. Mama yake Dobi akabaki mjane, akakataa kurithiwa na ndugu wa mumewe. Na kwetu nyumba ya mjane huezekwa upya na mwanaume aliyemrithi. Mtoto wake haruhusiwi kuinua hata jani moja la nyasi pale juu, ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Kwa hivyo paa lilianza kuvuja na hakuna aliyeligusa. Mvua ya kwanza mama alisogeza kitanda pembe hii, ya pili akasogeza pembe ile. Mvua ya nne nyumba ikainama. Walipotafuta karatasi wakakuta uji mweusi.

"Nyasi zilikuwa zimejaa pale mtoni," Dobi aliniambia. "Nilikuwa na miaka kumi na saba, mikono miwili mizima. Nilisimama nikaangalia. Mimi ambaye sasa kazi yangu ni kukausha nguo za watu."

Ndivyo nilivyokuwa karani wake. Aliamua kwamba mtu mwenye wino mfukoni anaweza kuandikia ofisi yoyote. Tuliandika kwa simu ya Mama, kwanza kwa ofisi za jeshi Nairobi, halafu za Uingereza, yeye akitunga na mimi nikipunguza. "Anza hivi: Mheshimiwa Mfalme, salamu sana, sisi hapa Migori hatujambo." Mfalme sikumwandika. Niliandika jina la baba, kijiji, na kwamba alikuwa melini wakati wa vita. Nairobi hawakujibu. Uingereza walijibu haraka na kwa adabu, wakauliza namba yake ya utumishi. Tungekuwa na namba tungewaandikia ya nini?

Tukajaribu tena. Kila asubuhi ya likizo ya Agosti alipitia kwetu kabla hata ya kuwasha makaa. "Wamejibu?" Siku moja walijibu. Walisema wametafuta jina hilo na hawakulipata, na kwamba wenyeji wengi waliofanya kazi melini hawakuandikwa vizuri, wanasikitika. Hapa lazima niseme ukweli, kwa kuwa daftari ni langu: nilimficha. Wiki mbili aliniuliza "Wamejibu?" na wiki mbili nilitikisa kichwa. Nilirudi shuleni bila kumwambia. Bwenini nilikuwa nikikumbuka lile shati lililoungua na kujifunika blanketi uso.

Novemba nilipofika nyumbani nilijipa moyo, nikaamua nitamwambia. Lakini nilitaka angalau nimpelekee kitu mkononi. Nikakaa kwa marobota ya Mama nikawa ninatafuta kwa simu yake picha za meli za vita, nione kama kweli kulikuwa na yenye mabomba manne, nimfurahishe kidogo kabla ya kumvunja moyo. Meli nikaziona nyingi. Halafu ikaja picha ya mabaharia wa Kiingereza wa wakati ule, wamejipanga kwa mstari wakikaguliwa, na nilikuwa karibu kuipita. Suruali zao zilikuwa na mistari ya kulala.

Niliikuza picha nikahesabu mguu wa baharia wa kwanza. Saba. Wa pili, saba. Chini yake kulikuwa na maelezo: kabati la baharia lilikuwa dogo mno, kwa hivyo suruali zilikunjwa kunjwa kama barua ili ziingie, na mikunjo ile ikapigwa pasi mpaka ikawa ndiyo heshima ya sare yenyewe.

Mimi sikimbii mbele za watu. Siku hiyo nilikimbia. Dobi alikuwa na wateja watano.

"Kwara! Babu! Suruali yako!"

Akaangalia zipu haraka. Wateja nao wakaangalia.

Nilimpa simu. Aliishika mbali, akaishika karibu, akaniambia nimhesabie. Nikahesabu kwa sauti, na wateja wakahesabu nami, hata yule mama wa Ntimaru aliyekuwa amekuja kuuliza mabomba. Tulipofika saba Dobi aliniambia nianze tena. Mara ya tatu akanirudishia simu, akamwaga makaa, akafunga mlango wa kibanda. Saa nne asubuhi. Mama alisema tangu amjue, hata siku ya kura hakufunga saa nne. Hapo hapo, nikiwa bado na ujasiri wa kukimbia, nikamwambia na ile barua niliyoificha. Aliitazama tena ile simu mkononi mwangu. "Basi umelipa," akasema.

Alitaka niende naye nyumbani kwao, kwa sababu shahidi hatumwi kwa simu. Nilikataa, Mama akakubali kwa niaba yangu, tukaenda wote watatu.

Ilikuwa Jumamosi ya Desemba. Boma lilikuwa limejaa, ziwa liko pale chini limenyamaza, na Dobi alikaa akilipa mgongo. Fundi wa ujenzi alikuwa ameshamwaga simiti juu ya kaburi, anaisawazisha kwa mwiko, amechomeka msumari wa kuandikia sikioni kama penseli. Mwalimu Mkuu alikaa kwenye kiti chenye mikono, koti limevaliwa, tai imefungwa. Wengine walikuwa kwenye mabenchi.

"Umeleta karatasi?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

"Nimeleta karani," Dobi akajibu.

Nilisimama. Nilisoma yale maelezo ya kabati na mikunjo, nadhani niliisomea miguu yangu, maana hata mimi sikujisikia. "Sauti!" Mama akasema. Nikasoma tena. Kisha Dobi akasimama kando yangu katika suruali yake ya Jumapili, ingawa ilikuwa Jumamosi, watu wote wakatazama suruali, wakatazama simu iliyokuwa ikipitishwa mkono kwa mkono, wakatazama suruali.

Mwalimu Mkuu alivaa miwani. Aliitazama ile picha muda mrefu kuliko wote.

"Hii ulifundishwa lini?"

"Nikiwa na miaka kumi, kwa nyumba ya mama yangu."

"Mkiwa wangapi?"

"Mimi peke yangu. Ninyi mlikuwa mkilima."

Mwalimu Mkuu akavua miwani. Alipoongea tena hakuongea kama mwalimu mkuu.

"Baba hakuzivaa hizi suruali," alisema. "Alizipiga pasi. Alikuwa dobi wa meli. Vita vyote alifua nguo za mabaharia, huko ndani chini, kwenye joto. Aliniambia mwaka nilioanza kufundisha, akaniapisha nisimwambie mtu. Mwanaume wa hapa aende vitani, arudi aseme nilifua chupi za wazungu? Alisema afadhali wadhani alikuwa mpishi, au hata hakwenda." Aliikunja miwani. "Hukuwa mwongo, omera. Wala sijawahi kusema wewe ni mwongo. Nilisema leta karatasi kwa sababu nilijua haiko."

Fundi alikuwa ameacha mwiko.

"Na mimi nilipofungua kibanda?" Dobi akauliza taratibu.

"Nilitaka kukwambia. Nikafikiria utaona ninakucheka."

Nilimwangalia Dobi, nikaogopa. Nilidhani ndiyo mwisho wa meli, na mizinga, na kila kitu. Alisimama akikunja na kukunjua vidole vyake, ambavyo moto umevilainisha ncha mpaka havina alama.

"Hamsini," alisema mwishoni. "Miaka hamsini nikija hapa naketi benchi la nyuma, kwa sababu ninyi ni walimu na makarani na mimi nafua nguo za watu. Nilidhani mimi ndiye wa kwanza kuileta hii kazi bomani." Akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko kibaya mwanzoni, kama cha mtu aliyekabwa, halafu kikanyooka. "Kumbe alinichagua! Aliwatazama nyote na hayo majembe yenu, akanichagua!"

Mama alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya leso na kujifanya ni vumbi.

"Wazee," fundi akasema, "simiti inashika."

"Andika Baharia," Mwalimu Mkuu akaamuru. "Alikuwa melini vitani. Mimi ndiye mkubwa hapa na nimesema ni kweli. Andika."

"Usiandike," Dobi akasema. "Andika Dobi."

"Si wewe umelia Baharia mwaka mzima?"

"Nimebadilisha."

"Watu watacheka!"

"Wamenicheka tangu nilipofungua kibanda, na bado wananiletea nguo."

"Omera, baba aliona haya!"

"Basi tumtolee hiyo haya. Atalala nayo mpaka lini?"

Fundi alimtazama Mwalimu Mkuu, akamtazama Dobi, akautazama msumari. Mwalimu Mkuu akapunga mkono mara moja, kama anayeruhusu mtoto atoke darasani, na fundi akapiga magoti. Aliandika jina, na chini yake, kwa herufi ambazo hazikulingana sana, DOBI WA MELI YA VITA. Dobi alimsimamia juu ya kichwa mwanzo mpaka mwisho, akimwambia M imelala, ainyooshe.

Tulipokuwa tukingoja chai, nilimwona Mwalimu Mkuu akisimama, akavua koti. Dobi aliwahi kumwambia Mama kwamba katika boma lile lote hakuna aliyemletea nguo hata siku moja, wote walipita Migori na mifuko yao wakaenda kwingine. Koti lilikuwa na mikunjo ya safari mgongoni. Mwalimu Mkuu alilishika mikononi kidogo kama mtu asiyejua mahali pa kuliweka, kisha akampa ndugu yake.

Dobi aligeuza kola, akapitisha kidole kwenye mshono. "Nani alikupigia hii? Amekuharibia mabega."

"Unaweza kulitengeneza?"

"Naweza. Lakini kuna watu mbele yako. Hakuna cha ukubwa kwangu, utapanga laini."

Na Mwalimu Mkuu, ambaye katika boma hilo hata chakula humngoja yeye, akakaa chini akiwa na shati tu, akasema atangoja.